Tamko la Walimu wa Chekechea wa Arua na Koboko Kuhusu Kuwafundisha Watoto Herufi

Sisi walimu wa chekechea wa Jiji la Arua na Wilaya ya Koboko, tuliokutana Arua mwanzoni mwa muhula wa kwanza kwa niaba ya wanachama wenzetu, tunatoa tamko hili kwa wazazi, kwa wenye shule, kwa walimu wakuu wa shule za msingi, kwa maofisa elimu na kwa viongozi wetu wa kuchaguliwa. Tunalitoa kwa Kiswahili kwa sababu mkutanoni walikuwamo Walugbara, Wakakwa, Wanubi na walimu waliotujia kutoka Kongo na Sudan Kusini, na hii ndiyo lugha tuliyozungumza wenyewe kwa wenyewe wakati wa chai.

Neno letu ni hili. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hajui herufi kwa sababu ameziimba zote 26 au amejaza daftari. Anazijua akizishika, akizitofautisha, akizipanga mafungu, na akizisikia katika lugha anayoongea. Hivyo ndivyo tunavyotaka kufundisha, na mara nyingi tunazuiwa. Wanaotuzuia hawatutakii mabaya. Wengi wao ni wazazi wanaotulipa kwa jasho, wakitaka waone walicholipia. Tumeona ni haki yao tuwaeleze waziwazi.

Tuanze na wimbo, maana ndio unaosifiwa zaidi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba kutoka A mpaka Z bila kukosea, na mama akisikia hushindwa kuzuia furaha yake. Sisi tunaoshinda naye darasani tunajua kilichomo ndani ya wimbo huo. Pale katikati, L, M, N na O hutoka kwa pumzi moja kama jina la mtu mmoja. Mwonyeshe M iliyochapwa kwenye kiroba cha unga, umwulize hii ni nini. Atarudi kuanza wimbo kutoka A huku kidole kikingoja, na akifika pale katikati M itampita. Wimbo ameushika, herufi bado. Hatuukatazi wimbo, watoto wanaupenda na sisi tunaupenda. Tunachokataa ni kuufanya kipimo.

Daftari nalo lina siri yake, na leo tunaitoa. Mzazi akilifungua Ijumaa jioni akakuta ukurasa mzima wa a, a, a, zote zimekaa sawa juu ya mstari, ajue kwamba kurasa nyingi za namna hiyo zimeandikwa na mwalimu aliyeushika mkono wa mtoto, au aliyeweka vidoto vya penseli mtoto akavipitia. Tumefanya hivyo kwa hofu, tukijua chekechea ya ng'ambo ya barabara ina madaftari yaliyojaa na mtoto anaweza kuhamishwa kesho. Hilo ni kosa letu sisi. Tunaliacha kuanzia muhula huu.

Sasa tueleze kazi tunayoitaka, maana wanaosema kwamba watoto wanacheza tu hawajapata kukaa nasi mkekani. Mmoja wetu wa Koboko alimwaga vizibo vya soda katikati ya mkeka. Kila kizibo kilikuwa na herufi ndogo moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha karatasi kilichogandishwa ndani. Hakutaja jina la herufi hata moja. Alisema tu, wekeni pamoja zinazofanana. Mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu akaanza kukusanya: o, a, d, b, p. Alipoulizwa kwa nini, akajibu, "Hizi zina tundu." Akaishika e muda mrefu, akaitazama ndani, akaiweka pembeni peke yake, kisha akabadili shauri akaisogeza kwenye fungu la tundu. Msichana aliyekaa mbele yake alikuwa na fungu la g, j na y, na yeye alisema zina mkia, lakini p hakuichukua kwa sababu mwenzake alikuwa ameshaitwaa. Wakabishana. P ina tundu na ina mkia, iende kwa nani? Mwalimu aliwaacha wabishane. Katika dakika zile, watoto wawili waliichunguza herufi moja kwa makini kuliko ambavyo wangeichunguza kwa kuinakili mara hamsini.

Baada ya hapo mwalimu alichukua fungu la tundu akawaambia wazitenge zile zenye mti mrefu, halafu wazipange matumbo yakitazama upande wa mlango. Hapo ndipo somo lenyewe lilipokuwa. Tangu azaliwe, mtoto amejifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe ukikigeuza mkono ukawa kushoto bado ni kikombe, na mbuzi akitazama mashariki au magharibi ni mbuzi yuleyule. Macho yake yamezoezwa kupuuza upande, na yamezoezwa vizuri. Kisha anakuja kwetu, nasi tunamwambia kwamba umbo hili tumbo likiwa kulia ni b, likiwa kushoto ni d, ukilipindua ni p, na ukilipindua ukaligeuza ni q. Herufi ndizo vitu vya kwanza maishani mwake vinavyobadilika jina kwa kugeuzwa. Ndiyo maana watoto huchanganya b na d mpaka hata miaka saba, na wala si dalili ya uzito wa akili. Mtoto anayechapwa au kuchekwa kwa sababu ya b na d anaadhibiwa kwa macho yanayofanya kazi kama yalivyoumbwa. Tunasema jambo hili kwa uchungu kwa sababu tumeliona, na wengine wetu tulifanyiwa tulipokuwa wadogo.

Kuna na hesabu ambayo watu wazima tumeisahau. Tunasema herufi ni 26, lakini mtoto haoni 26. Anaona kubwa na ndogo, maumbo 52. Chache hufanana, kama o na O, s na S. Nyingi hazifanani kabisa, kwa mfano a na A, g na G, r na R. Na a ya kitabuni, ile yenye paa juu, si a ya ubaoni ya mviringo. Mtu anayemtaka mtoto azijue zote kabla hajatimiza miaka mitano hajakaa akazihesabu. Njia yetu ni kuanza na chache, zile za jina la mtoto mwenyewe, ambazo kila mtoto huzipenda na kuzishika kabla ya nyingine zote, halafu kuongeza mbili tatu kila zinapokaa. B na d hatuzileti wiki moja. Tunamzoeza mtoto b mpaka awe nayo, ndipo d iingie.

Njia hii haikuletwa jana. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi za karatasi ya msasa ili watoto wazipapase kwa vidole kabla ya kuziandika. Na kabla ya kutazama Roma tutazame hapahapa. Watoto wetu wengi wa Koboko na Arua huenda madrasa jioni, na hawaanzi alifu kwa ujiti bila mpango. Bee, tee na thee zina mwili mmoja. Zinatengwa na nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Mtoto aliyejifunza kwamba nukta moja inabadilisha herufi nzima anakuja kwetu akiwa na jicho lililokwisha kunolewa. Tena amejua kwamba maandishi yana upande wake, yale yakianzia kulia, haya yakianzia kushoto. Walimu wa madrasa ni wenzetu katika kazi hii, na tunawaalika tukae nao.

Tunakuja kwenye lugha, na hapa tunaomba subira kwa sababu ndipo penye mzizi.

Mabango ya herufi yanayouzwa madukani yanaanza na 'apple'. Hatuna matufaha. Tuna maembe, yanayoanguka uani kwetu usiku kucha msimu ukifika. Kwenye G kuna picha ya mbuzi, kwa sababu Waingereza humwita 'goat'. Mtoto wa Kilugbara akimwona husema ndri, mtoto wa Kikakwa husema kine, wa tatu husema mbuzi. Watatu hao wote wamemtambua mnyama vizuri, na wote watatu wanaambiwa wamekosea. Picha iliyowekwa ili imsaidie mtoto kuikumbuka herufi inamfundisha kwamba anachokijua hakina thamani darasani.

Irabu zinaumiza zaidi. Katika Kiswahili a ni a, e ni e, i ni i, na katika lugha zetu za hapa mtoto hakai mbali na sauti hizo. Kwa Kiingereza jina la E ni "ii", na jina la I ni "ai". Mwalimu akisema "ii", mtoto anayejua sauti za nyumbani huonyesha i, na anawekewa alama ya kosa. Hakukosea. Alisikia sauti sahihi, akaonyesha herufi inayoandika sauti hiyo kwao. Tumewahesabu watoto wa namna hii kuwa wazito, kumbe ndio waliosikiliza kwa makini kuliko wote.

Chukueni C peke yake. Kiswahili hakiiachi isimame bila h, hatuna c, tuna ch. Kiingereza kinaisoma mara k, mara s. Kilugbara kinaiandika c na kuisoma ch, moto ni aci. Kuna msichana katika kila chekechea ya Arua anayeitwa Candiru. Mwalimu mgeni anayeita majina kwa kusoma rejista humwita Kandiru, na mtoto haitiki, kwa kuwa hilo si jina lake. Kuna Driciru pia, ambaye jina lake linaanza na dr, sauti moja kinywani mwa Mlugbara ingawa karatasini ni herufi mbili. Ukimwambia jina lako linaanza na d, kisha ukamtaka ataje sauti ya kwanza, atakwambia dr, naye atakuwa sahihi kukushinda. Kuna gb na kp, ambazo hazimo kwenye bango lolote la dukani. Kuna 'b, 'd na 'y zenye alama ya juu, ambayo wachapishaji wengi huiacha kama vile ni tone la wino lililodondoka. Kikakwa kina ŋ. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua thamani ya alama ndogo: ng'ombe si ngoma, na hakuna mhariri wa Kiswahili ambaye angekubali kuifuta ile alama. Walugbara na Wakakwa wanastahili heshima hiyohiyo.

Serikali ya Uganda yenyewe imelikubali jambo hili kwa maandishi. Tangu mwaka 2007 mtaala wa mada unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha wavuke kwenda Kiingereza katika darasa la nne. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto anayetoka kwetu atakutana na lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza, zote zikitumia herufi zilezile kwa sauti tofauti. Akiwa ameshika sauti za lugha moja kwa uthabiti, atazihamisha. Akiwa ameshika wimbo peke yake, hana cha kuhamisha.

Tunajua swali linalofuata, kwa sababu tuliulizana sisi wenyewe kwa saa nzima. Darasa la mjini Koboko lina mtoto wa Kikakwa, wa Kilugbara, wa Kinubi, na mwingine aliyevuka mpaka wa Kongo na wazazi wake. Itumike lugha gani? Wengine wetu walitaka Kiswahili pekee, wengine lugha ya walio wengi. Hatukukubaliana kwa kila kitu. Tulichokubaliana ni kwamba hadithi na maongezi viwe katika lugha inayoeleweka na wengi wa darasa hilo, kwamba irabu tano zifundishwe kwanza kwa sauti ambayo lugha zetu na Kiswahili zinashirikiana, na kwamba kila mtoto, hata akiwa peke yake wa kabila lake, jina lake liandikwe na litamkwe kama mama yake anavyolitamka. Mwalimu asiyejua kulitamka amwulize mzazi mlangoni. Hilo halina gharama.

Wenzetu wanaofundisha katika makazi ya wakimbizi, Lobule kwetu Koboko, na Rhino Camp na Imvepi upande wa Madi-Okollo na Terego, walituletea jambo lililotugusa. Watoto wao wanafika darasani wakiwa wanazijua herufi kadhaa bila kufundishwa na mtu. Wanazijua W, F na P kwa sababu zimechapwa kwenye magunia ya chakula, na U, N, H, C na R kwa sababu wamelala chini ya maturubai yaliyoandikwa hivyo. Mwalimu mmoja alilikata gunia tupu herufi moja moja akawapa wazipange. Watoto ambao hawakuwa wamefungua kinywa tangu waje walianza kusema. Herufi ziko kila mahali, kwenye namba za bodaboda, kwenye madumu, kwenye ukuta wa duka. Mtoto hazioni akiwa amefungiwa mbele ya ubao.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi kwa kuwa hali inajulikana. Elimu ya bure ilipoanza mwaka 1997 ilianzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliacha chekechea mikononi mwa watu binafsi, gharama zikiwa za mzazi. Mtoto wa asiyekuwa nacho anaingia darasa la kwanza siku moja na mtoto aliyekaa kwetu miaka mitatu, na wote wawili wanafunguliwa kitabu kimoja. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kizazi kizima cha watoto wadogo kiliipoteza chekechea yote. Tunaamini papara tunayoiona sasa kwa wazazi ilizaliwa hapo. Tunaielewa. Haiponyi kilichopotea.

Mwenzetu mmoja alimpeleka mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza katika shule ambayo hatutaitaja. Mtoto alipewa karatasi aandike a mpaka z. Alifika h, muda ukaisha, akarudishwa nyumbani. Ni mtoto aliyeweza kusikia neno akasema linaanza na sauti gani, kwa lugha mbili, na kulitafuta kwenye vizibo. Hakuna aliyemwuliza hilo. Alikaa siku kadhaa hataki kushika penseli.

Kwa hiyo tunawataka walimu wakuu wa shule za msingi za Arua na Koboko waache mitihani ya kuwaingiza watoto darasa la kwanza. Wakitaka kujua mtoto anajua nini, wakae naye mkekani kwa robo saa, nasi tutakuja kuwaonyesha namna. Tunawataka maofisa elimu wa jiji, wa wilaya na wa manispaa wanapotukagua watazame vifaa vilivyo mikononi mwa watoto kabla ya kuomba madaftari. Tunawaomba wanaosimamia maandishi ya Kilugbara na Kikakwa wakae nasi, tutoke na bango moja la herufi kwa kila lugha, lenye gb na kp, lenye alama ya juu, lenye picha za vitu vilivyopo hapa. Tunawataka wabunge wetu waifikishe bungeni hoja ya mwaka mmoja wa chekechea ndani ya shule za msingi za serikali, mwalimu wake akilipwa kama walimu wengine.

Kwenu wazazi, hatuwaamrishi. Tunawaomba mbadilishe swali mnalomwuliza mtoto jioni. Badala ya "leo mmeandika nini", mwulizeni jina la bibi linaanza na sauti gani. Mkipika, mwacheni atenge maharagwe na choroko kwenye ungo, maana kutenga ndiko huko kunakozoeza jicho. Na akiwaandikia jina lake herufi moja ikiwa imegeuka, msifieni jina kwanza.

Upande wetu, kuanzia Jumatatu ijayo kila chekechea mwanachama itakuwa na mkeka na boksi la herufi. Madaftari hayatatumika katika beibi wala mido, madarasa ya wadogo, na katika topu, darasa la mwisho la chekechea, yatatumika kwa kile mtoto anachoandika kwa mkono wake mwenyewe, hata kikiwa mistari mitatu iliyopinda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi milango itakuwa wazi, mzazi aje akae na mwanawe wapange pamoja.

Tunawaomba wenye maduka na hoteli za Arua, Koboko na Oraba watuwekee vizibo vya soda. Darasa la watoto 30 linahitaji vizibo 500 hivi, kwa kuwa irabu hutumika mara nyingi kuliko herufi nyingine. Vilivyopinda pia tutavichukua. Makali tutayagonga kwa nyundo wenyewe kabla havijafika kwa watoto. Kwa beibi, ambao bado huweka kila kitu mdomoni, tunatafuta vifuniko vikubwa vya madumu ya mafuta, vya rangi yoyote. Mwanachama wetu aliye karibu atapita kuvichukua kila Alhamisi baada ya masomo.